Hotirodi ya Ford 1932 inauzwa Indiana: nikague nini kabla sijatoa hela?

KilindiniOhio

Salaam wakuu. Kuna hotirodi (gari la zamani lililoundwa upya kwa injini yenye nguvu) inauzwa Indiana, ni rodsta, yaani gari la wazi la milango miwili, ya Ford 1932, si mbali sana na hapa Columbus nilipo. Tangazo linasema: bodi ya chuma tupu, haina madigadi, injini Chevrolet 350, giaboksi ya otomatiki TH350, difu ya Ford inchi 9 yenye meno ya 3.70, ekseli ya mbele iliyoshushwa inchi 4, breki za diski mbele na dramu nyuma, rangi nyeusi, haijatembea sana tangu ijengwe. Hati ya umiliki imeandikwa Ford 1932. Bei dola 41,500, maelewano yapo.

Magari ya kawaida najua kuyakagua. Hili limeundwa na mtu gerejini kwake, halina kitabu cha kiwanda wala mwenzake wa kulinganisha naye. Muuzaji amenipa asubuhi moja, jeki anayo, na kuendesha ataniruhusu. Nianzie wapi? Na je, siku nikirudi Mombasa naweza kuondoka nalo?

---

SpanaKumi

Anza na karatasi kabla hata boneti haijafunguliwa. Rangi na injini vinarekebishika, namba ya chesisi ikiwa na utata hurekebishi kwa spana.

Ford ya 1932 haikuwa na namba ya tarakimu 17 kama magari ya sasa, mfumo huo ulianza na magari ya 1981. Namba ya V8 ya mwaka ule huanza na 18 kisha kistari, ya silinda nne huanza na AB, na mwanzoni na mwishoni mwake kuna alama ya nyota. Iligongwa juu ya reli ya kushoto ya fremu, mahali zaidi ya pamoja. Nyingine zimefunikwa na bodi, lakini ya mbele iko eneo la boksi la usukani, unaiona ukiinama na tochi. Isugue kwa brashi ya waya na kitambaa chenye thina. Grainda usiiguse kabisa: hata kama namba ni halali, chuma kilichopitiwa na grainda kinaonekana kama kimechezewa, na mkaguzi wa polisi hatataka maelezo yako.

Ukikuta reli haina namba, maana yake ni fremu mpya ya kuchongwa. Hilo peke yake si kosa, fremu mpya ni nyingi na mara nyingi ni imara kuliko za zamani. Swali linalofuata ni moja: namba iliyo kwenye hati imetoka wapi? Kuna wanaonunua karatasi ya zamani isiyo na gari, wakaibandika kwenye gari jipya. Siku fremu yenye namba hiyo ikiibuka ghalani kwa mtu mwingine, gari lako ndilo litakaloshikiliwa. Hati safi ya gari la kuundwa ni ile inayosema wazi kuwa limeundwa, au yenye namba iliyotolewa na jimbo na kibati chake kikapigwa ribiti kwenye gari. California kwa mfano ina utaratibu wake chini ya sheria ya SB 100, vyeti 500 tu kwa mwaka. Piga simu ofisi ya usajili ya Ohio KABLA ya safari, wasomee namba, uliza watahitaji ukaguzi gani gari likiingia kutoka jimbo jingine. Uliza na habari ya madigadi, maana yapo majimbo yanayodai tairi zifunikwe.

Bodi: "chuma tupu" ni maneno ambayo kila muuzaji anayapenda. Chukua sumaku nyembamba ya kubandika kwenye friji, ile yenye nguvu kidogo, uifunike na kitambaa laini usichubue rangi. Ipitishe chini ya milango, kwenye kona za mkia, na pale mkia unapoungana na sehemu ya milango. Isiposhika kabisa kote, ni faibaglasi. Ikishika hapa na kuteleza pale, ni chuma chenye puti nene. Kisha ingiza mkono ndani ya buti uguse upande wa nyuma wa bati: faibaglasi ina nyuzinyuzi unazozisikia kwa vidole, chuma ni laini na baridi.

Chuma nacho si lazima kiwe cha 1932. Brookville, hukohuko Ohio kwenu karibu na Dayton, wanatengeneza bodi mpya za chuma za rodsta hii, na ni bodi nzuri. Ila bei ya "bodi mpya ya chuma" na bei ya "bodi halisi ya Ford" haziko ngazi moja, na faibaglasi iko chini ya zote mbili. Muulize swali hilo moja kwa moja na umwombe risiti ya bodi. Aliyejenga gari la namna hii kwa mapenzi anazo risiti kwenye faili. Asiye nazo, bei ishuke.

---

BintiKabureta

Nakubali kuhusu hati, ila kaka SpanaKumi faibaglasi umeipita haraka mno, kama vile ni aibu. Bodi nzuri ya faibaglasi yenye fremu ya chuma ndani haipati kutu na milango yake hufunga vizuri miaka mingi. Mbaya ni ile nyembamba isiyo na uti ndani. Utaijua kwenye bawaba: tazama rangi inayozunguka bawaba na kitasa, ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, mlango unaning'inia kwenye kitu kinachopinda. Funga mlango taratibu kisha uunyanyue kwa ncha. Ukipanda na nguzo ikacheza nao, kazi hiyo ni ya kufumua, rangi mpya haitaificha muda mrefu.

Injini. Usiamini "350" kwa macho, kwa sababu 305 na 350 kwa nje ni mapacha. Namba ya kalibu iko nyuma ya bloku, upande wa dereva, kwenye ukingo unaoungana na giaboksi. 3970010 ndiyo utakayoikuta kwenye 350 nyingi. Piga picha, utafute baadaye. Namba nyingine iko mbele, kwenye kijukwaa kidogo chini ya hedi ya upande wa abiria. Hiyo inakwambia ilitoka kwenye gari gani, kama haijasagwa.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa hedi kwa mkono, iwe baridi. Injini iliyopashwa moto mapema huficha uvivu wa kuwaka, moshi wa bluu wa mwanzo na kelele za tapeti. Ikiwashwa mbele yako ikiwa baridi, sikiliza kabureta: ikipiga chafya juu ya kabureta kwa mpigo uleule kila mara, silinda ileile, shuku kemshafti iliyolika. 350 nyingi za hotirodi zina kemu ya tapeti bapa, na hizo zinataka oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za kisasa za gari dogo zimepunguzwa zinki kwa ajili ya kulinda kichujio cha moshi. Muulize anaweka oili gani. Akijibu "yoyote tu", pima kompresheni bila huruma: toa plagi zote nane, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mizunguko minne hadi mitano kila silinda. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi asilimia 10 hadi 15. Iliyo chini tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Oili ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, kila mtu atasema ni sili ya nyuma ya krenki. Mara nyingi siyo. Oili ya kwenye vifuniko vya valvu, kitako cha distribyuta au mwisho wa nyuma wa manifoldi hutiririka nyuma ya bloku na kudondokea palepale. Tia kidole nyuma ya manifoldi. Kukiwa na unyevu wa oili, umepata chanzo cha bei nafuu, na bado unaweza kuombea punguzo.

Kuhusu meno ya difu ya 3.70 (shafti huzunguka mara 3.70 tairi ikizunguka mara moja) na TH350: giaboksi hiyo ina gia tatu na ya mwisho ni moja kwa moja. Kwa tairi ya kimo cha inchi 29, maili 65 kwa saa injini inazunguka karibu 2,790. Kwa gari lisilo na paa la maana, safari ya Columbus hadi Cincinnati utafika umechoka masikio. Watu huweka giaboksi ya 700R4 yenye gia ya nne ya 0.70, mizunguko inashuka hadi 1,950 hivi. Tatizo la 700R4 ni kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda giaboksi: ikifungwa vibaya presha ya ndani inakuwa ndogo, klachi zinaungua mapema sana. Kubadilisha meno ya difu hadi 3.00 ni rahisi zaidi, kwenye inchi 9 unatoa kichwa chote cha difu kwa mbele na kurudisha kingine.

---

MzeeWaEkseli

Vijana mmesema vizuri, lakini kinachoua kwenye magari haya kiko mbele, chini. Kijana, lala chini ya gari, na usilale mpaka uweke stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa.

Nyanyua ekseli ya mbele. Shika tairi juu na chini, utikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, inakazwa. Ukibaki ni kingpini (pini ambayo gurudumu linageukia) au bushi zake, hapo kuna kazi ya kutoboa na kusaga kwa kipimo. Angalia kama nipeli za grisi zina grisi mpya au zina rangi juu yake. Nipeli iliyopakwa rangi haijawahi kuona bomba la grisi.

Shusha gari. Injini imezimwa, mwenzako azungushe usukani robo kulia, robo kushoto, tena na tena, nawe utazame kutoka chini. Gari hili lina springi moja ya kukingama, imeshikwa kwa shekeli ncha zote mbili, na shekeli zinaruhusu ekseli kwenda pembeni. Kama boksi la usukani ni la aina ya Vega (la gari la Chevrolet Vega) na fimbo yake inakingama kwenda gurudumu la pili, lazima kuwe na fimbo ya Panhard, inayofunga ekseli kwa fremu isiende kushoto na kulia. Ukiona ekseli inasogea pembeni kwanza, ndipo tairi zinageuka, ama fimbo hiyo haipo ama bushi zake zimekufa. Barabarani gari hilo litajigeuza lenyewe kila likikanyaga tuta. Fimbo ya Panhard na fimbo ya usukani zinapaswa kukaribiana kwa urefu na kulala sambamba. Moja ikiwa fupi nusu ya mwenzake, aliyejenga hakuelewa kazi yake.

Sasa kutetema. Miaka yote hotirodi zenye ekseli nzima zina ugonjwa huu: unafika maili 40 au 45, tairi moja inagonga shimo, mbele yote inaanza kutikisika hadi usimame. Watu hukimbilia kufunga damperi ya usukani. Damperi inaficha ugonjwa. Sababu ni kasta ndogo (mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma), tairi zisizo na balansi, kingpini iliyolegea, au ncha za tairodi. Kasta nataka nyuzi 5 hadi 7. Sakafu iwe sawa, weka kipima pembe kwenye uso bapa wa ekseli pale kingpini inapoingia. Na kumbuka, haya magari hukaa pua chini, mkia juu. Kila ukiweka tairi kubwa nyuma, mbele kasta inapungua. Gari lililopimwa sawasawa miaka mitano iliyopita na likabadilishiwa tairi za nyuma, halipo sawasawa tena. Kama vishikio ni vya fimbo nne, kasta inarekebishwa kwa kuzungusha ncha za fimbo. To-in (tairi za mbele kuelekeana kidogo kwa mbele) iwe inchi 1/16 hadi 1/8.

Shafti ya usukani: kila jointi ina skrubu ya kubana. Shafti chini ya skrubu inapaswa kuchimbwa kidogo ili ncha ikae ndani, na juu ya skrubu kuwe na nati ya kufungia. Zikiwa jointi tatu, lazima kuwe na beringi ya kuegemea katikati, la sivyo shafti inajikunja. Nati zote za usukani ziwe na pini ya kupinda, na pini iwepo kweli, si waya wa kufungia mzigo.

Fremu: reli ya asili ya 1932 ina umbo la C, iko wazi ndani. Ilikuwa inabeba V8 ya inchi za ujazo 221, nguvu farasi 65. 350 inaipinda. Lazima ifungwe kwa sahani upande wa ndani. Tazama uchomeleaji. Uliosagwa ukawa laini kama kioo kisha ukapakwa rangi haukwambii chochote. Mimi naamini zaidi ule unaoonekana mawimbi yake yamelingana. Mfereji mdogo pembeni ya weldi, au vitundu kama vya mkate, ondoka.

---

KilindiniOhio

Shukrani sana wakuu, na wewe mzee shikamoo. Muuzaji amenitumia picha jioni hii. Namba kwenye hati inaanza na 18, na kwenye reli ya kushoto ipo, yenye nyota, inalingana. Reli zimefungwa kwa sahani. Bodi ni ya Brookville, risiti anayo. Fimbo ya Panhard ipo.

Ila kuna mawili. Masta silinda iko chini ya sakafu, ina vyumba viwili, na mistari inatoka moja kwa moja kwenda magurudumu, sioni kitu chochote katikati. Amekiri kuwa "breki inabidi uipige mara mbili asubuhi". La pili, betri iko kwenye buti, na taa zinafifia ukiwasha feni. Haya ni madogo?

---

SpanaKumi

Namba, fremu na bodi vimekaa vizuri, hongera. Fremu ya Ford yenye bodi ya Brookville ni kitu unachoweza kukieleza kwa yeyote bila kuficha, na hata kampuni ya bima itaelewa. Ukikatia bima, taka ya thamani iliyokubaliwa, kama zinazotolewa na Hagerty na wenzake, si ile ya thamani ya soko siku ya ajali. Soma masharti, nyingi haziruhusu gari la kwenda kazini kila siku.

Breki si ndogo, lakini ni rahisi. Masta silinda ikiwa chini ya sakafu, iko chini kuliko kalipa. Ukiachia pedali, mafuta ya breki yanateremka kurudi kwenye masta, pistoni za kalipa zinarudi nyuma, na pigo la kwanza linatumika kuzisogeza tu. La pili ndilo linaloshika. Dawa ni valvu ya kubakiza presha: ya psi 2 kwenye mstari wa diski, ya psi 10 kwenye mstari wa dramu, zifungwe karibu na masta, mshale uelekee magurudumu. USIBADILISHANE. Ya 10 ikiwekwa kwenye diski, pedi zinabaki zimebana, rimu zinachemka. Ongeza valvu ya kugawa presha kwenye mstari wa nyuma, kwa sababu gari hili ni jepesi mkiani na dramu zitafunga mapema.

Pima na pedali yenyewe. Kutoka kwenye egemeo hadi katikati ya pedali, gawanya kwa umbali wa egemeo hadi fimbo ya masta. Bila busta (kisaidizi cha nguvu ya breki) nataka karibu 6 kwa 1. Ikiwa 4 kwa 1, hiyo ni pedali ya breki zenye busta, na kwa mguu mtupu utakuwa unasimama kwa sala.

Yeye mwenyewe amekubali kasoro, kwa hiyo bei ya valvu, mafuta mapya na kazi ya kutoa hewa itoke kwake. Na usiliendeshe kurudi Columbus hivyo.

---

BintiKabureta

Taa kufifia na betri ya kwenye buti: nenda na malti mita. Washa taa kubwa na feni. Nyaya nyeusi kwenye ncha hasi ya betri, nyekundu kwenye mahali taa inapopatia ethi. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu. Kisha nyekundu iweke kwenye bloku ya injini, mwenzako apige stata: ikivuka 0.5, waya wa hasi ni mwembamba au umefungwa juu ya rangi. Wengi wanafunga hasi ya betri kwenye fremu nyuma, wanasahau kamba ya ethi kutoka fremu kwenda injini. Umeme unatafuta njia, unapita kwenye kebo ya mafuta na beringi. Ukiona kebo ya kabureta imeungua plastiki yake, umepata mkosaji. Waya mkubwa wa betri ya nyuma uwe wa geji 1/0, au 2 kwa uchache.

Halafu pima chaji, injini ikiwa inazunguka polepole na kila kitu kimewashwa. Chini ya volti 13 na nyaya ziko sawa, tazama puli ya altaneta. Altaneta ya waya mmoja haianzi kuchaji mpaka injini ipandishwe mizunguko kidogo baada ya kuwaka, na kwenye mwendo wa polepole hutoa kidogo. Feni ya umeme ya inchi 16 inakula sana. Hapo tatizo si ubovu, ni hesabu.

Ukiwa hapo, liache lingurume limesimama dakika 20, boneti imefungwa. Grili ya 1932 ni nyembamba na rejeta imebanwa. Likichemka likiwa limesimama, ni hewa: feni dhaifu au haina kava ya kuelekeza hewa. Likichemka kwenye mwendo wa barabara kuu tu, shuku rejeta iliyoziba au taiming.

---

PwaniMizigo

Nijibu la Mombasa kwa ufupi, ndugu yangu. Kenya gari lililotumika lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Ndicho kiwango cha KS 1515. Hilo lako lina usukani kushoto na miaka zaidi ya 90. Usinunue kwa hesabu ya kulipeleka nyumbani. Furahia nalo hukohuko.

---

KilindiniOhio

Nimeelewa, la Mombasa nalifuta. Ameshusha hadi 38,000 kwa sababu ya breki na nyaya. Naenda Jumamosi na malti mita, kipima kompresheni na kipima pembe. Yakipita, nalibeba kwa trela. Nilifunge wapi?

---

MzeeWaEkseli

Mbele funga kwenye ekseli yenyewe, kamba mbili, upande wa ndani wa kingpini, juu ya kitambaa. Usipitishe kamba kwenye tairodi, fimbo ya Panhard wala fimbo ya taa. Mara moja tu ikivutwa imepinda na mwelekeo umeharibika. Nyuma funga kwenye mirija ya difu, kamba zikingame, uwe mwangalifu zisibane bomba la breki linalopita juu ya mrija. Springi ziache zicheze kidogo.

Ngazi za trela ziwe ndefu au weka mbao chini, sampu ya oili iko karibu na ardhi. Turubai la gari usilivishe, upepo unalipigapiga na rangi nyeusi itakwaruzika kote. Paa la kitambaa likunje ulitoe, ubebe ndani ya gari unalovutia. Na ukishatembea kilomita chache simama, kaza kamba upya, kwa sababu tairi hujilaza na kamba zinalegea.